ANDIKA MARA MOJA, TUMIA MARA NYINGI

Somo: Daftari la maneno ya biashara

Ulipomaliza kisomo ulikuwa umekwisha kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Swali la leo ni hili: kalamu yako inakuletea faida gani nyumbani?

Katika somo hili tutajifunza kazi moja ya kalamu katika biashara ndogo. Kazi hiyo ni kutunza maneno ya biashara. Maneno ya biashara ni yale unayoyaandika au kuyasema ili mteja ajue unauza nini, unauzia wapi, siku gani na kwa bei gani. Yako kwenye kibao cha barabarani. Yako kwenye lebo ya chupa. Yako kwenye ujumbe wa simu na tangazo la redio.

Watu wengi huyaandika maneno hayo, huyatumia siku moja, kisha huyatupa. Siku nyingine huanza upya. Hiyo ni hasara, nasi tutaona kwa nini.

Mfano wetu ni kikundi cha warina asali katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora. Kikundi chenyewe tumekitunga kwa ajili ya somo, na bei ni za mfano tu. Lakini mambo yaliyowapata huwapata watu kweli.

SHILINGI 80,000 ZIKO WAPI?

Kikundi kilikuwa na wanachama kumi. Mizinga yao ilikuwa katika msitu wa miombo. Asali yao ilikuwa nzuri, na wateja walianza kuja.

Mwenyekiti alikuwa mzee aliyerina asali tangu utoto. Yeye alimwambia fundi aandike kibao cha barabarani. Kibao kikasema: ASALI SAFI, KILO SH. 10,000.

Kijana mmoja wa kikundi alikwenda mjini. Aliandika karatasi, akaibandika katika duka moja. Karatasi ikasema: ASALI SAFI, LITA SH. 10,000.

Katibu naye alituma ujumbe wa simu kwa watu aliowajua. Ujumbe ukasema: Tuna asali, bei nafuu, karibuni.

Hakuna aliyemwuliza mwenziwe. Kila mmoja aliandika yaliyomjia kichwani.

Siku moja mteja alitoka mjini na ndoo ya lita 20. Alikuwa amesoma ile karatasi ya dukani. Alimkuta mweka hazina, akampa shilingi 200,000. Mweka hazina akaijaza ndoo, akaandika mapato kitabuni. Mteja akaenda zake.

Jioni mwenyekiti alikagua kitabu. Akasema:

"Mwanangu, ndoo ya lita 20 ina kilo 28. Kilo ni shilingi 10,000. Basi tulipaswa kupata 280,000. Mbona hapa pana 200,000? Shilingi 80,000 ziko wapi?"

"Mzee wangu, mteja alisema bei ni elfu kumi kwa lita. Alisema ameisoma dukani. Alinipa laki mbili, nami nimeziandika zote."

"Siye tunauza kwa kilo. Kibao kiko pale barabarani, kila mtu anakiona!"

Maneno yakawa makali. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mama yule amekula hela ya kikundi. Siku mbili hakutoka nje kwa aibu. Watoto wake wakaulizwa kisimani, "Ati mama yenu ni mwizi?"

Siku ya tatu katibu alipata wazo. Alikwenda mjini, akaichukua ile karatasi ya dukani. Akanakili maneno ya kibao. Akafungua na ujumbe wake wa simu. Wanachama wakakaa kwenye mkeka, akawasomea yote matatu. Kimya kikaingia. Kumbe mwizi hakuwapo. Maneno yao wenyewe ndiyo yaliyopingana.

Mzee mwenyekiti akainuka. Akasema mbele ya wote, "Mwanangu, nisamehe. Nilikukosea." Mama akaitika, lakini machozi yalimtoka. Hela ikipotea unaweza kuitafuta tena. Jina la mtu likichafuka, kulisafisha ni kazi kubwa.

LITA SI KILO

Kabla ya kuendelea, tukumbuke hesabu hii. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lakini asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1 na gramu 400.

Kwa hiyo:
Nusu lita ya asali ni karibu gramu 700.
Lita 1 ni karibu kilo 1 na gramu 400.
Lita 20 ni karibu kilo 28.

Anayeandika "lita" mahali pa "kilo" hupunguza bei bila kujua. Neno moja tu huleta hasara hiyo. Ndiyo sababu maneno ya biashara yanahitaji kutunzwa kama mkulima anavyotunza mbegu. Mkulima hutafuta mbegu bora, huikausha, huiweka mahali pakavu, kisha huipanda msimu hata msimu. Hatupi mbegu nzuri akaenda kuomba nyingine kwa jirani.

MANENO MAZURI YALIYOPOTEA

Kikundi kilikuwa na hasara nyingine pia. Mwaka uliotangulia, wakati wa baridi, asali yao iliganda. Wateja walirudisha chupa. Walisema, "Mmetia sukari!"

Bwana afya aliwasaidia kuandika maelezo mazuri. Maelezo yalisema kwamba asali halisi huganda, hasa wakati wa baridi, kwa sababu ya sukari yake ya asili. Asali nyingine huganda upesi, nyingine huchelewa, kwa kutegemea maua ambayo nyuki walikwenda. Kuganda peke yake si dalili ya kutiwa sukari. Ukitaka iyeyuke, weka chupa katika maji ya vuguvugu. Usiichemshe motoni, maana moto mkali huharibu ladha na harufu yake.

Wateja waliposoma maelezo hayo waliridhika. Lakini karatasi yenyewe ilifanyiwa nini? Ilifungiwa vitumbua. Mwaka uliofuata baridi ikaja, asali ikaganda, wateja wakanung'unika tena. Hakuna aliyeyakumbuka vizuri yale maelezo. Wateja wengine hawakurudi.

Basi, wanachama wakakubaliana: tununue daftari moja kubwa. Maneno yote ya biashara yaingie humo, na kila tangazo litoke humo.

HATUA YA 1: KUSANYA

Kusanya kila ulichokwisha kuandika kwa ajili ya biashara yako. Tafuta karatasi za zamani, lebo na vibao. Tazama ujumbe uliomo katika simu. Tazama na picha ulizopiga.

Usisahau maneno ya mdomo. Ukiwa sokoni unamwambia mteja nini mpaka ananunua? Yaandike. Wateja huuliza nini kila siku? Yaandike pia. Swali linaloulizwa na watu watatu litaulizwa na wa nne.

HATUA YA 2: KAGUA

Chukua andiko moja moja, ujiulize maswali matatu:

Je, ni kweli?
Je, bado ni kweli hata leo?
Je, mtu asiyenijua ataelewa?

Kama majibu ni "ndiyo" yote, andiko hilo ni zuri. Kama jibu moja ni "hapana", lisahihishe. Andiko lililopitwa na wakati usilichane. Likate kwa mstari mmoja, uandike tarehe pembeni. Siku moja mteja anaweza kuja na bei ya zamani, nawe utaweza kumwonyesha ilibadilika lini.

Hapa kuwa mkali kuhusu ukweli. Usiandike kwamba asali yako inatibu magonjwa yote. Usiandike "kilo moja" kama hukupima kwa mizani. Usitunge sifa na kusema zimetoka kwa mteja. Neno la uongo likiingia katika daftari litatoka kila mara unapolitumia, na litakuumbua mara nyingi.

HATUA YA 3: PANGA

Ligawe daftari katika sehemu sita. Acha kurasa tupu kila sehemu, ili upate nafasi ya kuongeza.

Sehemu ya kwanza: Sisi ni nani. Andika jina la biashara, kijiji, namba ya simu na namna ya kufika.

Sehemu ya pili: Bidhaa na vipimo. Andika unauza nini, kwa kipimo gani, na unaitengeneza vipi.

Sehemu ya tatu: Bei. Kila bei iwe na tarehe yake.

Sehemu ya nne: Maswali ya wateja na majibu yake. Yale maelezo ya asali kuganda makao yake ni hapa.

Sehemu ya tano: Maneno ya wateja. Mteja akikusifu, mwombe ruhusa kwanza. Akikubali, andika maneno yake kama alivyoyasema.

Sehemu ya sita: Maneno yetu yako wapi. Hapa andika orodha ya kila mahali ulipoweka tangazo, na tarehe yake. Kwa mfano:

Kibao cha barabarani, tarehe 3 Mei.
Karatasi ya dukani mjini, tarehe 10 Mei.
Lebo za chupa, tarehe 12 Mei.
Ujumbe wa simu, tarehe 15 Mei.

Watu wengi huiacha sehemu hii ya sita. Kumbe ina faida kubwa. Tuseme bei imepanda kutoka 10,000 mpaka 12,000 kwa kilo. Unafungua orodha, unapita kila mahali, unasahihisha na kuweka alama ya vema. Ukisahau mahali pamoja, mteja atakuja na bei ya zamani. Akidai ndoo ya kilo 28 kwa bei hiyo, umepoteza shilingi 56,000.

HATUA YA 4: TUMIA TENA

Sasa andika maelezo mamoja kamili. Tuyaite maneno mama, kwa sababu mengine yote yatazaliwa humo. Kikundi chetu kiliandika hivi:

"Sisi ni warina asali kumi. Mizinga yetu iko katika msitu wa miombo wa kijiji chetu. Tunarina masega yaliyozibwa kwa nta, maana asali yake imeiva. Tunaichuja kwa kitambaa safi. Hatuongezi maji wala sukari. Tunauza kwa kilo, na tunapima mbele ya mteja. Kilo moja ni shilingi 10,000. Tunauza kila Jumamosi, nyuma ya zahanati."

Maneno hayo ni mengi kwa kibao. Mtu apitaye kwa baiskeli hawezi kuyasoma yote. Basi kwa kibao walichukua machache:

ASALI YA MIOMBO
KILO 1 SH. 10,000
KILA JUMAMOSI
NYUMA YA ZAHANATI

Kwa ujumbe wa simu walichukua haya:

"Habari za leo. Asali ya miombo ipo. Kilo ni sh. 10,000, tunapima mbele yako. Njoo Jumamosi nyuma ya zahanati."

Redio na mpiga mbiu wa mnadani huhitaji maneno yanayosikika vizuri. Kwa hiyo waliandika hivi:

"Ndugu wananchi, asali ya miombo imerinwa! Haina maji, haina sukari. Njooni mpimiwe kwa macho yenu. Kilo moja shilingi elfu kumi. Ni Jumamosi, nyuma ya zahanati. Nasema tena: Jumamosi, nyuma ya zahanati."

Na kwa lebo ya chupa waliandika: Asali. Uzito halisi gramu 500. Kisha jina la kikundi, kijiji na wilaya, tarehe ya kujazwa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Chini yake waliongeza onyo: Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Onyo hilo si mapambo. Asali huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kushindana navyo, naye akaugua vibaya.

Umeona? Matangazo ni manne, lakini bei haikupingana, kipimo hakikupingana, siku haikupingana. Hakuna aliyekesha akitafuta maneno mapya.

Kuhusu lebo, fahamu jambo hili. Chakula kinachouzwa kwenye chupa madukani kina masharti ya serikali. Katika Tanzania, tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Kabla ya kuchapisha lebo nyingi, waulize kwanza. Unaweza pia kuuliza ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Shirika hilo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

MFANO WA KANGA

Jambo hili si geni kwetu. Tazama kanga aliyovaa mama au dada yako. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa. Michoro hubadilika, na misemo hubadilika.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, alianza biashara huko mwaka 1887. Kanga zake zilijulikana kwa alama moja: "K.H.E. Mali ya Abdulla". Rangi zilikuja na kupita, lakini alama ilibaki ileile. Mnunuzi akiiona alijua nguo hiyo ni ya nani.

Nasi tufanye hivyo. Kuna maneno yanayobadilika, kama vile bei na siku. Hayo yape tarehe. Kuna maneno yasiyobadilika, kama vile jina, kipimo na ahadi yetu kwa mteja. Hayo yaache kama yalivyo kila mahali, hata wewe mwenyewe ukiyachoka. Wewe umeyasoma mara mia. Mteja mgeni anayasoma leo kwa mara ya kwanza.

KULITUNZA DAFTARI

Daftari ni mali ya kikundi wala si ya mtu mmoja. Katibu alishike, lakini mahali lilipo pajulikane. Liweke juu, mbali na panya, maji na moto.

Nakili kurasa muhimu katika daftari la pili, likae kwa mwanachama mwingine. Kama mna simu yenye kamera, pigeni picha ya kila ukurasa, na picha hizo ziwe katika simu mbili. Simu moja ikiibwa au ikitumbukia majini, maneno yenu hayapotei nayo.

Picha za mizinga na chupa nazo zitunzeni. Andikeni daftarini ni picha ya nini, imepigwa lini, na iko katika simu ya nani. Picha moja nzuri yaweza kutumika mwaka mzima.

Kila mwisho wa mwezi someni daftari pamoja. Ulizeni: nini kimebadilika? Na kabla ya mwezi wa 6, baridi haijazidi, toeni lile jibu la asali kuganda. Libandikeni dukani mapema, kabla mteja hajanung'unika.

MWISHO WA HADITHI

Mweka hazina wetu aliendelea na kazi yake. Alikubali kwa sharti moja: ukurasa wa bei usomwe mbele ya wanachama wote, nao watie sahihi. Wakatia sahihi wote kumi, mwenyekiti wa kwanza.

Baadaye mteja mwingine alikuja na ndoo ya lita 20. Akasema, "Mama, niliambiwa lita ni elfu kumi." Mama hakugombana naye. Alifungua daftari, akamwonyesha bei na tarehe. Kisha akaleta mizani, akapima mbele yake. Mteja akatazama, akacheka, akalipa shilingi 280,000.

Ndugu msomaji, huhitaji kuwa na asali. Kama unashona nguo, unasaga unga, unauza mboga au unatengeneza baiskeli, daftari hili linakufaa. Anza na ukurasa mmoja leo jioni.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mweka hazina alidhaniwa kuwa mwizi? Kosa lilikuwa la nani?
2. Kwa nini andiko la zamani likatwe kwa mstari badala ya kuchanwa?
3. Sehemu ya sita ya daftari ina faida gani bei inapobadilika?
4. Katika kijiji chenu, ni vibao gani vina maneno yaliyopitwa na wakati?

HESABU

Kilo moja ya asali ni shilingi 10,000. Mteja ana chupa ya nusu lita. Ukiijaza asali, atalipa shilingi ngapi? (Jibu: karibu shilingi 7,000.)

ZOEZI

Andika maneno mama ya biashara yako, au ya jirani yako, kwa sentensi nane. Kisha uyapunguze yawe kibao cha mistari minne. Mpe mtu asiyeijua biashara hiyo asome. Akiweza kukuambia unauza nini, bei gani, lini na wapi, umefaulu.

MANENO YA SOMO

Kurina: kutoa asali katika mzinga.
Lebo: karatasi yenye maelezo inayobandikwa kwenye chupa au kopo.
Uzito halisi: uzito wa bidhaa peke yake, bila chupa wala kopo.
Kunakili: kuandika tena maneno kama yalivyo.